Folda yangu ya BINAFSI imesomwa na ofisi nzima ya walimu

Shikamoo dada,

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa huku milimani, Moshi Vijijini. Nina miaka 36 na watoto wawili. Nakuandikia usiku wakiwa wamelala, kwa sababu mchana sina pa kukaa nikaandika jambo hili bila mtu kunichungulia begani, na baada ya yaliyonipata nimekuwa mtu wa kugeukageuka.

Ofisi yetu ya walimu ina kompyuta moja ya mezani na printa moja, na sisi tuko 23. Hapo ndipo tunapochapa mitihani, kujaza alama, kuingia ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, kuangalia mambo ya mshahara na uhamisho. Kompyuta haina nywila. Ukiiwasha imewaka, unafanya kazi yako. Mwanzoni mwa mwaka flashi yangu ilipata virusi, mafolda yote yakageuka shotikati, nikapoteza mtihani wa Biolojia wa kidato cha tatu usiku wa kuamkia siku ya mtihani wenyewe. Mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta akanionea huruma. Akaniambia, "Madam, achana na flashi. Ngoja nikuwekee Google Drive hapa, ile hifadhi ya mtandaoni, chochote ulicho nacho kwenye simu utakikuta na huku." Nikaandika email na nywila yangu, akaweka programu, na kweli, pakatokea diski mpya yenye herufi G, ndani yake mafaili yangu yote. Nilimshukuru kutoka moyoni.

Nilichosahau ni kwamba Drive hiyohiyo naitumia kwenye simu tangu 2019. Mle nina folda niliyoiita BINAFSI, kwa herufi kubwa. Ndani yake kulikuwa na majibu ya kipimo cha uvimbe wa titi, na picha mbili nilizojipiga kumtumia dada yangu ambaye ni muuguzi Arusha. Kulikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu kihamba cha marehemu baba, yaani shamba la ukoo, pamoja na barua ya kwenda baraza la kata ambayo nilikuwa naiandika na kuiacha, sijaamua kama nitaipeleka. Na mkataba wangu wa mkopo.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa kiume, mtu mzima na mstaarabu, alinisimamisha nje ya ofisi akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole sana mwalimu. Tunakuombea." Nikamuuliza pole ya nini. Akababaika, akasema basi Mungu ni mwema, akaondoka. Kufika jioni nikaambiwa na rafiki yangu kwamba ofisini inasemwa nina kansa. Dada, sijaambiwa nina kansa. Kipimo cha kwanza hakikutoa jibu kamili, natakiwa kurudia. Mume wangu mwenyewe nilikuwa sijamwonyesha zile picha. Siku chache baadaye baba mdogo akapiga simu, hakunijulia hata hali: "Nasikia unaniandalia kesi." Mmoja wa walimu wetu anatoka kijiji kimoja naye.

Nilisubiri watu watoke, nikakaa kwenye ile kompyuta mikono inatetemeka, nikaingia kwenye G nikaifuta BINAFSI yote. Nikapumua. Kufika nyumbani nafungua simu, folda haipo. Majibu yangu hayapo. Muhtasari wa ukoo wenye sahihi za wazee wawili ambao sasa ni marehemu haupo. Leo ni siku ya tisa.

Naomba unisaidie. Je, mafaili yale yanaweza kurudi? Nitajuaje kama bado yako wazi mahali pengine? Nirudi kwenye flashi? Na je, nimkabili aliyesoma, au nimwone mkuu wa shule, au ninyamaze tu kwa kuwa kosa ni langu, niliandika nywila kwa mkono wangu mwenyewe?

Mwalimu, Moshi Vijijini

*

Marahaba, mwalimu.

Ningependa kuanza na pole, lakini najua neno hilo limekuumiza mwezi huu, kwa hiyo naanza na kazi. Ujumbe niliokutumia siku barua yako iliponifikia ulikuwa mfupi kwa sababu muda ulikuwa unakwenda: kata kompyuta ya shule kwanza, kisha fungua tupio la Drive kwenye simu. Nilifurahi mno uliponijibu kwamba folda imerudi, pamoja na sahihi za wale wazee. Sasa nikueleze sababu, maana wapo wengi watakaosoma hapa ambao folda zao bado ziko wazi na hawajui.

Ile diski ya herufi G haikuwa na nakala ya mafaili yako. Ilikuwa dirisha linalotazama ndani ya kabati lenyewe. Ndiyo maana ulipofuta pale shuleni, simu yako nayo ikafuta: kabati ni moja, milango miwili. Wengi hudhani wanafuta kivuli na kuacha kitu chenyewe. Kilichokuokoa ni kwamba Drive haitupi papo hapo. Kitu ukikifuta kinakaa kwenye tupio siku 30, ndipo kinapotea moja kwa moja. Unafungua Drive kwenye simu, unagusa vile vistari vitatu juu kushoto, unaona alama ya pipa la taka, unaingia, unagusa folda yako na kuirudisha. Inarudi palepale ilipokuwa. Na hapo ndipo penye mtego: ungeirudisha kabla ya kuikata kompyuta ya shule, ingechomoza tena kwenye G, mbele ya macho yaleyale.

Kukata kwenyewe kuna hatua mbili, na usiiache hata moja. Ya kwanza umeifanya ukiwa kitandani na simu mkononi: ulibadilisha nywila, kisha kwenye mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya Usalama, ukakuta orodha ya vifaa vilivyoingia kwa jina lako, ukaviondoa usivyovitaka. Umeniambia umekuta vitatu. Simu yako, kompyuta ya shule, na kompyuta nyingine ya Windows ambayo ulikaa ukiitafakari mpaka ukakumbuka steshenari ya Mbuyuni ulikochapishia fomu za mtoto. Nilipousoma ujumbe huo nilikaa kimya kidogo. Tangu siku hiyo ya fomu, mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile cha steshenari angeweza kufungua Gmail na kukuta jina lako.

Hatua ya pili inafanyika kwenye mashine yenyewe. Nenda asubuhi mapema kabla ofisi haijajaa. Chini kulia, karibu na saa, kuna alama ndogo ya Drive, pembetatu. Ibonyeze, nenda kwenye alama ya gurudumu la meno, ingia kwenye mapendeleo, tenganisha akaunti. G itaondoka. Kisha angalia kama kuna folda ya Drive iliyobaki kwenye diski C, kwa sababu programu ile ina namna mbili za kufanya kazi: moja inaonyesha tu yaliyoko mtandaoni, nyingine inaweka nakala kamili kwenye kompyuta. Kama ilikuwa namna ya pili, nakala hazitaondoka kwa kutenganisha. Ukishakata, na ni baada ya kukata tu, kufuta kilichobaki pale hakugusi tena chako cha mtandaoni. Fungua pia folda ya vilivyopakuliwa, na kapu la taka la kompyuta, uondoe kilicho chako. Kwenye Chrome, gusa picha au herufi yako juu kulia uone kama jina lako bado lipo. Kama siku ile ulikubali Chrome ilinganishe mambo yako, basi nywila ulizohifadhi zilihamia pale nazo. Badilisha ya ESS na ya benki. Usingoje mwisho wa wiki.

Na WhatsApp, kama uliwahi kuifungua pale. Kwenye simu, vitone vitatu, vifaa vilivyounganishwa. Simu moja inaweza kuunganisha hadi vifaa vinne, na vinaendelea kusoma hata simu yako ikiwa imezimwa. Toa usivyovitambua.

Sasa nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Miaka tisa nilikaa nyuma ya kaunta ya steshenari Moshi mjini. Mteja anakuja na haraka, daladala inaondoka, anataka kutoa kurasa mbili. Anaingia kwenye email yake, anapakua, anachapa, analipa mia mbili, anatoka mbio. Kila Jumamosi jioni nilikuwa naifungua ile folda ya vilivyopakuliwa ili niisafishe, na kila Jumamosi nilikuwa nakuta vitambulisho vya NIDA, vyeti vya ndoa, barua za talaka, hati za viwanja, majibu ya maabara. Majina kamili, na watu niliowajua. Nilikuwa nachagua vyote kwa pamoja na kufuta bila kufungua, kwa sababu mama yangu alinilea kwamba barua ya mtu haisomwi hata ikiwa imedondoka njiani. Lakini kijana aliyenipokezana zamu sikuwa naweza kumwapia. Na wako walioletwa na hali mbaya zaidi: email yenyewe wamefunguliwa na mtu wa steshenari, nywila ameichagua yeye, namba ya kurejeshea akaunti ameweka yake. Kila msimu wa mikopo ya wanafunzi na kila ajira zinapotangazwa, vijana hufunguliwa hivyo. Akaunti ya namna hiyo mwenyewe halisi ni yule mwenye namba. Kwa hiyo wewe nawe, kwenye sehemu ileile ya Usalama, hakikisha namba ya simu na email ya kurejeshea ni zako, namba unayoishika leo, siyo laini uliyoiacha miaka mitatu iliyopita.

Ukiwa hapo washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akijua nywila bado akwame bila simu yako. Ila Google ikikuuliza kama isikuulize tena kwenye kompyuta hii, ondoa ile alama ya vema. Walimu wengi huiacha, na kufuli la pili linakuwa limefunguliwa daima. Utapewa pia namba kumi za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani unapoweka kadi ya bima. Simu ikiibiwa stendi, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha.

Umeuliza kama urudi kwenye flashi. Hapana. Flashi inadondoka kwenye daladala, inaazimwa "dakika tano tu", inabeba virusi kama ulivyoona, na faili likifutwa kwenye flashi halina pipa la siku 30 la kulirudisha. Drive haina kosa. Kosa ni kwamba ulipohitaji kuchapa mtihani mmoja, ulibeba kabati lako lote la nyumbani ukaliweka katikati ya ofisi. Ulichokihitaji ni kubeba karatasi moja.

Kwa hiyo fungua akaunti ya pili ya Google, ya kazi tu. Ni bure, ina GB 15 zake, na simu yako itazibeba akaunti zote mbili bila shida. Unagusa picha yako juu unahama kutoka moja kwenda nyingine. Mitihani, maazimio ya kazi, maandalio ya somo, alama za wanafunzi, vyote viende huko, na hiyo ndiyo pekee itakayojulikana na kompyuta ya shule. Hata hiyo usiiache wazi. Ile ya 2019 isiandikwe tena nywila yake kwenye mashine usiyoimiliki. Kabisa. Likitokea faili la binafsi linahitaji kuchapwa, lishirikishe faili hilo moja kwa akaunti ya kazi, lichape, kisha ondoa ruhusa. Unaposhirikisha, andika email unayoitaka. Usichague ile njia ya "yeyote mwenye kiungo", maana kiungo kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp huwezi kujua kimefika kwa nani.

Chrome ina dirisha la mgeni, linalopatikana kwa kugusa ile alama ya mtu juu kulia. Ukifungua Drive humo, ukachapa moja kwa moja kutoka kwenye dirisha bila kupakua, kisha ukafunga madirisha yote, historia yako na akaunti yako haviachwi nyuma. Nasema bila kupakua kwa sababu watu wanaamini mno dirisha la mgeni na lile la faragha. Ukipakua faili, linabaki kwenye diski hata dirisha likifungwa. Na kama mtu ameweka programu ya kunasa kila herufi inayochapwa, hakuna dirisha litakalokukinga, ndiyo maana narudia kwamba nywila ya kabati la nyumbani isiguse kibodi ya watu wengi.

Kuhusu majibu ya hospitali na zile picha, mimi ningeweka kufuli juu ya kufuli. Google hufunga mafaili yako huko yanakohifadhiwa, lakini ufunguo anao Google, na anamfungulia yeyote aliyeingia kwa jina lako. Kufuli hilo linamzuia mwizi wa mbali. Mwalimu aliyekaa kwenye kiti chako linampisha. Dada yako Arusha kama ana laptop yake mwenyewe, akusaidie kuyaweka kwenye faili moja la 7-Zip lenye nywila, na achague kuficha hata majina ya mafaili yaliyomo. Programu ni ya bure. Hapo hata mtu akilipata ataona jina moja tu lisilomwambia kitu. Lipe jina la kawaida, mwalimu. Neno BINAFSI kwa herufi kubwa linamwita hata asiyekuwa na nia. Na nywila ya faili hilo ukiisahau hakuna wa kukurudishia, si Google wala fundi wa mjini, kwa hiyo iandike karatasini, nyumbani. Usilifungue kwenye kompyuta ya shule hata mara moja, kwa sababu likifunguka huacha nakala ya muda ndani ya mashine.

Nije kwa watu, maana najua hapo ndipo panapokunyima usingizi.

Umeniuliza kama unyamaze kwa kuwa kosa ni lako. Uliandika nywila kwa mkono wako, ndiyo. Lakini mtu akisahau kufunga mlango wa chumba chake, anayepita ana uchaguzi. Anaweza kuurudisha mlango. Mtu alifika kwenye folda iliyoandikwa BINAFSI, akaibonyeza, akafungua karatasi yenye jina lako na jina la hospitali, akasoma mpaka mwisho, akatoka akasimulia. Hayo yote ni yake. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, maisha ya familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi ya nyingine, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Sikuambii uanze huko. Nataka ujue kwamba hujatunga malalamiko. Nchi nzima imekubali kwamba jambo hili ni zito.

Yule mzee aliyekuambia pole, usimchukulie kuwa ndiye. Kwa nilivyoona maisha, anayesambaza hapendi kukutazama usoni, na anayekuja kukupa pole mara nyingi ni aliyesikia na kuguswa. Mtafute siku mmekaa peke yenu umwambie, "Mzee, majibu bado, natakiwa kurudia kipimo, na habari hizi zilitoka kwenye faili langu bila ruhusa yangu. Nisaidie zisiendelee." Mtu mzima anayeheshimika akisema ofisini "tuache habari za mwenzetu", inatosha kuliko wewe kugombana na watu 22. Mwalimu wa kompyuta naye mwambie ukweli bila kumlaumu. Alikusaidia akasahau kukuonya. Mpe nafasi ya kurekebisha, na kazi ya kumpa ninayo.

Mwone mkuu wa shule, lakini usianze na folda yako. Anza na mtihani. Mwambie hivi: mtihani wa muhula wa Biolojia ulikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye diski ambayo yeyote aliyeiwasha angeweza kuifungua, pamoja na wanafunzi wanaotumwa kufagia na kuchukua chaki. Mkuu wa shule anaweza kusikia habari ya faragha akasema tutaangalia. Habari ya mtihani wazi hawezi kuilaza. Kisha omba jambo moja linalowezekana wiki hiihii bila kununua chochote: kila mwalimu atengenezewe jina lake la kuingilia Windows, lenye nywila yake, na liwe la mtumiaji wa kawaida. Majina 23 ni kazi ya mchana mmoja, na mwalimu wa kompyuta anaiweza. Mamlaka yote ya mashine yabaki kwa mtu mmoja anayeaminika, kwa sababu mwenye mamlaka hayo anaweza kufungua folda za wengine. Kila anayeinuka kwenye kiti abonyeze kitufe cha Windows na L kwa pamoja, skrini inajifunga. Ukishapata hilo, ukiona moyo unaruhusu, ndipo umwambie na la folda. Ana wajibu wa kukemea, na anaweza kufanya hivyo kikaoni bila kutaja jina lako.

La baba mdogo nitasema kidogo tu kwa sababu hukuniuliza. Barua uliyokuwa hujaamua kuipeleka imeshafika kwake, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Usimwachie aendelee kuisikia huko. Nenda nyumbani kwake na dada yako, Jumapili baada ya ibada, mwambie mwenyewe kilichomo. Nakala ya muhtasari wenye sahihi iacheni nyumbani, na mwombe mwenyekiti wa ukoo naye awe na yake.

Umesema mume wako alikuwa hajaziona zile picha. Mwonyeshe leo, kwenye simu yako, mlango ukiwa umefungwa, kabla hajasikia toleo la ofisini.

Na siku ya kurudia kipimo, majibu ukipewa karatasi, usikimbilie steshenari kutoa nakala. Fungua Drive kwenye simu, gusa alama ya kuongeza, chagua kuskani, piga picha ya karatasi ukiwa umekaa kwenye benchi palepale hospitali. Simu itaigeuza PDF yenyewe. Utakapolazimika kuchapa, pakua kwanza faili hilo kwenye simu, kisha nenda na waya wa simu; mwombe mwenye duka afungue faili kutoka kwenye simu yako, achape, na asilitume kwenye WhatsApp ya duka wala kulinakili kwenye kompyuta yake. Simama ubavuni mwake mpaka amalize. Hatakasirika, mimi nilikuwa nawaheshimu zaidi wateja wa namna hiyo. Chomoa waya wako, kunja karatasi, weka kwenye pochi. Nitumie ujumbe ukitoka huko, hata kama ni usiku.